Mlango wa Wenye Hisa

Siku za Ijumaa, hasa za Kwaresima, watu wa Erie, mji wa viwanda kaskazini mwa Marekani, hula samaki, na samaki wa klabu ya Wapolandi ndio wenye sifa. Foleni ilianzia kwenye dirisha la jikoni, ikapita baa, ikatokea nje kwenye theluji chafu ya maegesho. Casimir Wojtan hakupanga foleni. Tangu mapafu yake yaanze kumgomea, mkewe Bernadette ndiye aliyepanga, huku yeye amekaa mezani na mashine yake mpya ya oksijeni begani, kitu kidogo kama mkoba wa shule, kinachotoa sauti ya puu, puu, bila kumsumbua mtu. Kabla ya hapo alikuwa akiburuta mtungi wa chuma kila aendako. Wenzake wa meza ile, wote wastaafu wa kiwanda cha kuyeyushia chuma cha Thornbeck, walikuwa wakizungumzia kliniki ya mapafu. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa mwaka itaifunga, na atakayetaka kupimwa kifua aende Pittsburgh, saa mbili kwa gari.

"Aende Pittsburgh kwa pumzi ipi?" aliuliza Casimir. "Mimi hata kwenda chooni napanga safari."

Wakacheka, kisha wakakohoa, maana watu waliovuta vumbi la mchanga wa kiwandani ujana wao wote hawacheki bure. Hapo ndipo Stosh Pilarski alipofika na bia mkononi. Stosh alikuwa rafiki wa Casimir tangu utotoni, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Simameni, jamani! Mnakaaje wakati bosi yuko mezani?"

"Bosi gani?" Casimir akageuka kumtafuta.

"Wewe hapo! Mwenye kiwanda! Si mmetia pesa zenu za fidia kwenye ule mfuko wa kampuni mia tano, ule unaouzwa sokoni kama hisa moja? Mkeo Bernie mwenyewe kamsimulia mke wangu. Basi mwanangu kaniambia Thornbeck nayo imo humo. Ukinunua mfuko, umeinunua na Thornbeck. Mzee, miaka yote hii nacheza karata na tajiri na sina habari!"

Meza nzima ilivunjika mbavu. Walicheka kwa sababu aliyetaniwa ni Casimir. Angekuwa mtu mwingine wasingejali. Huyu ndiye aliyewaongoza kwenye mgomo, ndiye aliyepeleka kesi ya vumbi hadi kampuni ikalipa, ndiye aliyeng'oa koki zote za jikoni kwake siku alipogundua kwamba zimechapwa jina la Thornbeck. Mtu kama huyo kuitwa bosi, tena mbele ya wenzake, lilikuwa tusi lililovaa suti.

"Acha uongo wako," alisema.

"Muulize mkeo, huyo anakuja."

Bernadette alifika na sahani mbili, samaki, viazi, kabichi ya mayonezi. Akaziona nyuso, akauona wa mumewe.

"Bernie, tuna hisa za Thornbeck?"

Mwanamke mwingine angesema sijui, na jioni ile ingepita salama. Lakini Bernadette hakuwahi kumdanganya mumewe, na hakuona vizuri kuanzia pale mbele ya samaki.

"Zimo," alisema. "Kidogo sana, Caz. Kama chumvi kwenye supu."

"Supu ya bosi!" alidakia Stosh, na meza ikalipuka tena.

Casimir hakugusa samaki wake.

Bernadette aliliegesha gari mbele ya nyumba. Injini ilipozimwa ikabaki ile puu, puu.

"Hii mashine umeinunua kwa pesa gani?"

"Gawio la ule mfuko. Nilikwambia."

"Uliniambia gawio. Hukuniambia la nani."

"La kampuni mia tano, Caz! Wauza sabuni, wauza dawa, wauza simu. Thornbeck ni tone tu humo. Na hata ile fidia ilitoka kwao, mbona uliipokea?"

"Ile walinilipa kwa walichonifanyia. Hii ni kushirikiana nao. Wakifunga kliniki, faida inapanda, na mimi napewa changu. Huoni? Napumua kliniki ya wenzangu."

Aliingia ndani, akaivua mashine, akairudisha kwenye boksi lake pamoja na karatasi za maelekezo, akalibandika utepe wa gundi juu. Kisha akateremka gereji ngazi kwa ngazi, akapandisha mtungi wa zamani. Bernadette alisimama jikoni akimsikiliza anavyohema, na kila alivyohema ndivyo hasira yake ilivyogeuka hofu.

"Uuze ule mfuko wote," alisema Casimir alipofika juu.

"Nikauze, tule nini? Ukitangulia wewe mimi nitaishi kwa nini, kwa koki zako?"

Alijuta kabla neno halijamaliza kutoka.

*

Mtungi ule ulikuwa na kigari chenye gurudumu moja bovu. Jumapili kanisani, kwenye mstari wa komunyo, gurudumu lilinasa kwenye zulia, mtungi ukaanguka kwenye marumaru, na mlio wake ukaenda mpaka kwenye kinanda. Padre alisita na hostia mkononi. Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya. Casimir aliinama kuuinua, akashindwa, akabaki ameinama vile vile ameshika kona ya benchi. Vijana wawili ndio waliouinua, nao wakamwinua na yeye.

"Nyumbani kuna mashine yenye uzito wa mkate," Bernadette alimnong'oneza walipokaa.

"Naijua ilipo."

"Basi utakufa kwa kichwa kigumu, wala si kwa mapafu."

"Bernie, tuko kanisani."

Jumatatu asubuhi Bernadette alimpigia simu Kyle Amstutz, mshauri wao wa uwekezaji. Alitaka jambo moja tu, mumewe aitoe ile mashine kwenye boksi. Ikibidi kuuza kila kitu ili aitoe, angeuza.

*

Ofisi ya Kyle ilikuwa katikati ya daktari wa meno na duka la piza, kwa hiyo daima ilinukia vyote viwili. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa, aliyewaita wazee kwa majina yao matupu kama wanavyofanya vijana wa kule, wala hakuwa na ubaya.

"Casimir, Bernadette, karibuni. Kwa hiyo tatizo ni Thornbeck."

"Itoe," alisema Casimir.

"Kwenye mfuko haiwezekani. Mfuko ni wa mamilioni ya watu. Nyinyi mnamiliki kipande cha mfuko, na mfuko ndio unaomiliki kampuni. Huwezi kuingiza mkono ukachomoa moja."

"Ni zile mboga za barafu," alisema Bernadette.

"Samahani?"

"Zile pakiti za mboga mchanganyiko. Karoti, mahindi, njegere, na yale maharage mapana. Huyu hali yale maharage. Miaka arobaini nanunua pakiti, yeye anayatenga pembeni ya sahani, mimi nayala. Dukani hawakuruhusu kufungua pakiti uyatoe."

Kyle akacheka kwa furaha ya kweli. "Hivyo hivyo! Na kuna njia ya pili, ya kununua kila mboga peke yake. Tunafungua akaunti kwa majina yenu, kompyuta inanunua kampuni zile zile, moja moja, kwa uzito ule ule. Usiyoitaka tunaiacha dukani. Kwa kawaida huu ni mpango wa wateja wenye... wenye uwezo zaidi."

"Wenye uwezo wa nini?" aliuliza Bernadette.

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Wenye kiasi kikubwa. Lakini siku hizi wameshusha kiwango. Nyinyi mnafika. Mnafika kwa shida, lakini mnafika."

"Na bei yake?"

"Ada ni kubwa kuliko ya mfuko. Mfuko ni rahisi mno, karibu bure, hauna kazi, unakaa nao mpaka uzeeke. Huu una mambo mengi. Lakini kampuni moja ikianguka, kompyuta inaiuza, inanunua inayofanana nayo, na ile hasara tunaiandika kwenye kodi yenu mnapunguziwa. Kwenye mfuko, kampuni ikianguka ndani kwa ndani hupati kitu."

"Na wewe hapo unapata nini?"

"Napata zaidi kidogo," alisema Kyle, akaangalia meza. "Siwezi kukuficha."

Bernadette alimpenda kwa jibu lile. Casimir hakuwa akisikiliza habari za kodi. Alikuwa ameegemea mtungi wake, akiifikiria ile pakiti.

"Kwenye mfuko, kura anapiga nani? Siku ya mkutano mkuu wa kampuni?"

"Wanaoendesha mfuko. Mabwana wa New York."

"Mimi hawaniulizi?"

"Hapana."

"Na kwenye hii ya moja moja?"

"Kura ni yako. Karatasi inakuja kwako. Ukitaka, unakwenda mkutanoni mwenyewe."

Casimir akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyehitaji kujua zaidi. "Vizuri. Nunua zote, Thornbeck uiache."

Kyle alianza kuandika. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya herufi Bernadette aliposema, "Ngoja."

Alikuwa ameukumbuka mlango. Miaka ya ugomvi, kila masika, Casimir na wenzake walipanda basi la kukodi hadi Pittsburgh siku ya mkutano mkuu, wakasimama na mabango nje ya hoteli, mvua ikiwanyeshea. Bernadette alikwenda nao mara moja, amebeba supu ya kuku kwenye chupa ya chai. Mlinzi wa mlangoni hakuwatukana, alisema tu, wenye hisa tu, wenye hisa tu, kama mtu anayefukuza njiwa. Nyuma ya kioo kulikuwa na meza ndefu ya kahawa na biskuti, na watu waliovaa vizuri walikuwa wakizichagua. Kuna mmoja aliyeumega upande wa biskuti, akauacha uliobaki kwenye sahani, na jambo dogo lile Bernadette hakuweza kulisahau mpaka leo.

"Usiitoe," alisema. "Ya Thornbeck iache ndani."

"Umechanganyikiwa?" Casimir aligeuka na mtungi wake wote.

"Mwenye hisa anaingia mlangoni, sivyo, Kyle?"

"Anaingia. Hata mwenye moja."

"Basi inunue. Hiyo ndiyo naitaka kuliko zile zingine zote."

Casimir alisimama, akatoka. Kutoka kwake kulichukua muda mrefu, maana gurudumu lile bovu lilikataa kuvuka kizingiti, na Kyle alilazimika kuinuka kumsaidia mtu aliyekuwa anamkimbia.

*

"Umeniaibisha," alisema Casimir ndani ya gari.

"Ukiitoa utakuwa msafi, Caz. Msafi kabisa. Na utakuwa nje kwenye mvua na bango lako, kama zamani, na kliniki itafungwa."

"Stosh atasemaje?"

"Stosh amewahi kukosa la kusema?"

Walipofika nyumbani Casimir alishuka kwanza. Pale mlangoni akasema, "Fanya unavyotaka. Akaunti ina jina lako pia. Lakini mimi siendi kokote, na boksi lile lisifunguliwe."

Kwa hiyo Bernadette alitia sahihi, mfuko ukauzwa, kampuni zikanunuliwa moja moja, na miongoni mwake hisa tisa za Thornbeck. Kodi ya kuuza mfuko haikuwa kubwa, kwa kuwa hawakuwa wamekaa nao muda mrefu. Alijua pia siku ambayo kampuni ingehesabu wenye hisa wake. Aliyekuwa na hisa siku hiyo angeruhusiwa mkutanoni, asiyekuwa nayo hapana. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Aprili. Aliizungushia wino kwenye kalenda ya parokia, iliyobandikwa mlangoni mwa friji, mahali ambapo mumewe hangeweza kuchukua maziwa bila kuiona.

*

Jumanne, siku tatu kabla ya Ijumaa ile, simu ikalia. Kyle alikuwa na furaha ya mtoto.

"Bernadette, habari njema! Thornbeck imetoa hesabu mbaya, bei imeporomoka vibaya. Na kompyuta yetu haikulala. Iliiuza jana hiyo hiyo. Hasara yote tunaiandika kwenye kodi. Unaona? Hapa ndipo huu mpango unapoushinda mfuko."

Bernadette aliketi. "Kompyuta imeuza nini?"

"Thornbeck."

"Kyle. Kati ya kampuni mia tano, ile ndiyo moja niliyokuambia naitaka!"

"Ulisema isiachwe dukani. Hukusema isiuzwe." Furaha ilianza kumtoka. "Ndiyo kazi yake, kuuza zinazoanguka. Imeweka kampuni nyingine ya vyuma mahali pake. Baada ya siku thelathini itairudisha."

"Ijumaa ndiyo wanahesabu wenye hisa!"

Sauti ndogo ikasema, "Lo."

"Inunue tena. Leo."

"Naweza. Lakini ukiinunua kabla ya siku thelathini, watu wa kodi wanasema hukupata hasara, umejifanya tu. Nafuu ya mwaka huu inakwenda na maji."

"Dola ngapi?" aliuliza kwa hamaki.

Kyle alipiga hesabu. Ilikuwa kama bei ya sahani mbili za samaki pale klabuni, na bia zake. Mtu mwingine angecheka. Bernadette hakucheka, kwa sababu alikuwa mwanamke anayeosha mifuko ya plastiki na kuianika, anayevuka mji mzima kwenye baridi kwa ajili ya kuponi ya mayai. Katika ndoa yao yote hakuna kuponi iliyowahi kumfia mkononi.

"Nunua," alisema. "Na uiambie hiyo kompyuta isiiguse tena."

Alipokata simu alimwona Casimir amesimama kwenye mlango wa jikoni, chupa ya maziwa mkononi.

"Umeacha pesa," alisema.

"Nimeacha."

"Wewe."

"Usinifanye nijute, Caz."

Alirudisha maziwa kwenye friji bila kunywa. Alisimama pale, uso kwa uso na ile kalenda. Bernadette alimwona mabega yakipanda na kushuka, na safari hii hakujua kama ni pumzi au ni kitu kingine.

"Wanampa mtu dakika ngapi za kusema?" hatimaye aliuliza.

"Kyle anasema mbili."

"Mbili." Alifikiri. "Kwa mtungi huu zitaishia njiani kabla sijafika kwenye kipaza sauti."

Bernadette aliogopa hata kutikisika kwenye kiti.

"Kisu kiko wapi? Ule utepe niliubandika vizuri."

*

Siku ya mkutano Stosh ndiye aliyewaendesha, kwa kuwa Bernadette hakupenda barabara kuu yenye malori. Njia nzima alitania. Je, bosi angependa dirisha lifunguliwe? Bosi anakaa nyuma au mbele? Lakini walipofika Pittsburgh akafungua buti na kutoa bango lake la zamani, lililofifia, akasimama nalo mahali pao pale pale kwenye ukingo wa barabara. Mvua ilikuwa ya rasharasha.

"Nendeni," alisema. "Mimi nabaki na kazi yangu."

Mlinzi wa mlangoni hakuwa yule wa zamani, ila maneno yalikuwa yale yale. "Wenye hisa tu, mzee."

Bernadette alitoa karatasi yao. Mlinzi akaisoma, akatafuta majina kwenye skrini, akayapata. Akaufungua mlango, akaushika mpaka wapite wote wawili, akasema karibuni. Casimir, aliyepigana na kampuni ile nusu ya maisha yake, alijikuta anasema asante.

Ile meza ya kahawa na biskuti ilikuwa palepale.

Ukumbini walipiga kura, wakasikiliza hesabu, wakaambiwa jinsi mwaka ulivyokuwa mgumu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke aitwaye Bi. Lattimore, mwenye nywele fupi za mvi na miwani aliyoishusha kila alipotaka kusikiliza. Ulipofika wakati wa maswali, Casimir alinyanyuka. Palikuwa na taa ndogo mbele ya kipaza sauti, ya kijani, itakayogeuka njano, kisha nyekundu.

"Naitwa Casimir Wojtan, wa Erie," alisema. "Mimi na mke wangu tuna hisa tisa. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye tanuru lenu namba mbili. Nataka kusema juu ya kliniki."

Alianza vizuri. Alisema mnataka kuokoa pesa, nami ni mwenye hisa, naelewa. Alisema wastaafu wa Erie hawawezi kusafiri hadi huku kila mwezi kupima kifua. Alitaja majina ya wenzake, na alipofika jina la tatu pumzi ikakatika. Mashine ilipiga puu, puu, haraka haraka, naye akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Watu waliovaa vizuri wakaanza kutazama viatu vyao. Taa ikawa ya njano.

Bernadette alikuwa ameshafika kando yake.

"Samahani, mama," alisema kijana mmoja wa kampuni, "mwenye zamu ni mmoja."

"Akaunti ni ya wawili. Majina yetu yote yako mlangoni, kaulize." Alikishika kipaza sauti kama anavyoshika mwiko. "Mmemwona? Hapa akikosa pumzi kuna watu mia mbili wanatazama. Kule Erie akikosa pumzi, nampeleka kliniki, ni mwendo mfupi, kuna muuguzi anayemjua kwa jina. Mkiifunga nitakuwa mimi peke yangu jikoni. Mimi sijui la kufanya. Basi. Hilo tu."

Taa ikawa nyekundu. Bi. Lattimore aliishusha miwani yake.

"Tumekusikia. Uongozi utalitazama tena suala hili."

Casimir alikuwa amepata pumzi kidogo. "Nani?" aliuliza. "Nani atalitazama? Mwenye hisa anauliza jina."

Ukumbi ulinong'ona. Mama yule alimtazama.

"Mimi," alisema.

"Basi njoo Erie, mama. Njoo Ijumaa. Tunakula samaki."

Watu walicheka, na kicheko kile hakikuwa kibaya. Wakati wa kutoka Casimir alisimama kwenye meza ndefu, akatandaza leso, akaanza kupanga biskuti juu yake, moja moja, nzima nzima.

"Caz, watu wanatuangalia," alisema Bernadette.

"Waangalie. Kuna mtu wetu ananyeshewa huko nje."

Stosh alizila zote akiwa amesimama, bango likiwa kwapani, maji yakimtiririka kofiani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alipomaliza ya mwisho akajifuta mdomo, akaangalia huku na huku.

"Bernie," alisema kwa sauti ya chini, "hivi mtu akitaka moja tu... ile hisa... inauzwa wapi?"

*

Bi. Lattimore alikuja kweli, Ijumaa moja ya mwezi wa saba. Alipanga foleni kama wengine, kutoka maegesho, akala samaki, akaambiwa mengi na watu wengi wakikohoa katikati. Kliniki haikufungwa. Haikuhakikishwa milele pia. Kampuni iliiongezea mwaka mmoja, baada ya hapo watazungumza tena. Kyle alilazimika kununua kiti cha ziada cha ofisini, kwa maana wastaafu walianza kumjia wawili wawili. Wengi hawakuwa na pesa za mpango ule wa moja moja. Aliwaambia ukweli, kwamba kwa akiba yao ndogo mfuko unawatosha kabisa, rahisi, bila ada za kuwaumiza, na juu yake wajinunulie hisa moja tu ya Thornbeck, ya mlangoni. Nyumbani kwa akina Wojtan, Bernadette alianza kununua karoti, mahindi na njegere, kila mboga peke yake. Casimir akasema ni ubadhirifu, arudishe pakiti, yale maharage atayatenga mwenyewe.

Masika yaliyofuata basi la kukodi likaenda tena Pittsburgh. Mabango hayakuwamo. Walishuka polepole, wazee kwa mitungi na mikongojo, wakajipanga mbele ya mlango wa hoteli, foleni ikafika barabarani. Mlinzi, yule yule wa mwaka jana, alitoka akaitazama.

"Wenye hisa tu," alisema kwa mazoea.

Stosh Pilarski alikuwa wa kwanza. Alikuwa amevaa tai. Akampa karatasi yake, iliyokunjwa mara nne na kufunguliwa mara nyingi, akasubiri jina lake lionekane kwenye skrini. Nyuma yake ilisikika puu, puu.

"Fungua mlango wote, kijana," alisema. "Bosi yuko nyuma yangu, na hapendi kucheleweshwa."